Joto la Kujibebea

Jumamosi, kwenye dispansari moja ya Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, nilimkuta papa mmoja, baba wa makamo, amelowa chapachapa. Alikuwa amepanda mlima mbio amevaa makoti mawili, eti tumbo lipungue, akazimia. Wenzake walimmwagia maji mpaka akazinduka. Sasa alitaka kwenda nyumbani, hakubali kwamba joto ndilo lililomwangusha.

"Joto iko Uvira! Hapa Bukavu iko baridi!" alifoka.

"Papa, joto ulijibebea mwenyewe," muuguzi alimjibu, akimbandika nyaya kifuani. "Mwili imepoa, lakini moyo inaweza kuwa imeumia."

Mashine ya kupima moyo ikachora mapigo yake. Muuguzi akaacha kutabasamu.

"Moyo imeumia kweli. Utalala hapa. Mbio hapana, mpaka dokta aseme."

Mkewe, aliyekuwa kando ya kitanda, akayakusanya yale makoti, akayakalia.

Mimi nililitazama tumbo lenyewe. Lilikuwa palepale, zima kabisa, halijaumia hata kidogo.