Kwao Waseme Hakojoi

Mimi sipendi mbwa. Niseme mapema, mtu asije akadhani ninaandika haya kwa mapenzi. Kazi ya mbwa ni kukaa nje na kubweka, basi. Lakini siwezi kusimulia habari za Mama Adrienne, jirani yangu wa huku kilimani, nikamwacha mbwa wake. Kama si huyo mbwa, leo mama huyu angekuwa kijijini Niemba analima mihogo kwa kusukumwa, na nyumba iliyo mbele ya dirisha langu isingekuwapo.

Mama Adrienne ni mjane, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mikono yake inanuka samaki hata siku ya Pasaka, naye husema hayo ndiyo manukato yake. Maisha yake yote ya ndoa aliishi mtaa wa chini, karibu na ziwa, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi unaona mitumbwi ikirudi. Mumewe, kabla hajafariki, alimletea mtoto wa mbwa jike, mwekundu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Majirani wakaanza maneno yao: mwanamke mzima kulala na mbwa ndani ya nyumba, mambo gani hayo? Akampa mbwa jina la Waseme. Kila jioni alipomwita aje kula, mtaa mzima ulipata jibu lake.

Kwa adabu, Waseme aliwapita watoto wengi ninaowajua, wangu wakiwamo. Hakukojoa ndani hata siku moja. Akibanwa, alikwaruza mlango na kungoja afunguliwe.

Halafu ziwa likapanda. Mnajua ilivyokuwa: lilipanda likakataa kushuka. Maji yaliingia jikoni, yakafika kitandani, na Mama Adrienne akabeba godoro, mbabula yake ya kupikia kwa makaa, na mbwa wake, akaenda kwa mdogo wake Viviane, katika mtaa uliokuwa bado mkavu. Viviane ameolewa na Papa Anatole, mtu wa biro, yaani wa ofisini, mwenye nyumba ya vigae na viti vikubwa vya kitambaa chekundu ambavyo hata wageni huogopa kuvikalia. Waseme aliingia, akanusa kiti cha Papa Anatole, akachutama huku akiinua mguu mmoja kidogo, akakojolea.

Wala halikuwa kojo la haja. Yalikuwa matone machache tu, kama mtu anayetia sahihi. Siku iliyofuata akatia sahihi kwenye kabati. Kisha kwenye mfuko wa kazi wa Papa Anatole. Mama Adrienne alimgombeza, akasugua kwa sabuni, akamtoa nje kila saa akojoe akaushe kibofu. Bure. Akahamia kwa rafiki yake wa kwaya, Mama Aimée, na huko pia Waseme akaacha alama zake. Alikojoa kwa Wakatoliki, akakojoa kwa Wapentekoste, hakubagua. Wapo waliosema ana pepo. Mama Adrienne akarudi kwa mdogo wake, na safari hii mbwa akafungwa nje, karibu na mfereji.

Mwishowe familia ikakaa kikao. Papa Anatole ndiye aliyesema, akimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Adrienne, hatukufukuzi. Lakini huyu umbwa anatukosea heshima. Tumupeleke ng'ambo ya mto Lukuga, atapata muntu wa kumuchunga. Na wewe uende Niemba kwa kaka yenu Banza, upumuzike. Kule kuko mashamba."

"Niemba nitamuuzia nani ndagala?" Mama Adrienne akauliza. "Mihogo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Niko na kiwanja kule juu," akasema. "Marehemu alikinunua. Mvua ikianza, mutanikuta ndani ya nyumba yangu. Mimi na Waseme."

"Kiwanja kile, yaya?" Viviane akashika kichwa. "Hata mbuzi wanateleza pale!"

"Basi, mimi siko mbuzi."

Papa Anatole akakubali, kwa masharti: mvua ikianza na nyumba haijasimama, Mama Adrienne ataenda Niemba na mbwa ataenda ng'ambo ya mto. Nadhani alikubali kwa sababu alikijua kile kiwanja.

Mimi nakijua zaidi, maana kinapakana na kwangu. Nilimwona anafika na jembe, mwanamke wa umri ule, anakata mlima ili apate mahali palipo sawa. Nikasema moyoni, huyu atachoka kesho kutwa. Asubuhi aliuza samaki sokoni, mchana alipanda huku kufyatua matofali. Maji aliyapandisha kwa kichwa. Waseme alikaa juu ya rundo la udongo akimtazama, na kila alipotaka kukojoa alishuka hadi kwenye majani, kwa heshima zake zote. Tanuru la kwanza liliharibika, nusu ya matofali yakabaki mabichi. Nilimsikia akiyatukana kwa Kiholoholo. Kesho yake alikuwa amepiga magoti anafyatua mengine.

Fundi Delphin akaja kupandisha kuta. Mabati na mlango walivitoa katika nyumba ya zamani. Waliazima mtumbwi, wakaingia nao mpaka barazani, Delphin akapanda juu kung'oa misumari na Mama Adrienne akasimama ndani ya maji kupokea. Mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya upande wa milima, nyumba ilikuwa na vyumba viwili, paa na mlango. Niliona fahari, na sikuwa nimebeba hata tofali moja.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Kwetu mwanamke akiingia nyumba mpya, jambo la kwanza huwasha moto na kupika, na watu hula humo humo. Lakini Viviane alimshauri vingine. Papa Anatole atakuja na wenzake wa biro, alisema, tusiwafukize kwa moshi na harufu ya ndagala. Chakula kitapikwa kwake, watu watateremka kula baada ya baraka. Mama Adrienne, ambaye alikuwa amekula kwa mdogo wake miezi hiyo yote, hakuweza kukataa. Asubuhi ya baraka Viviane akaja na ndoo, akaosha sakafu kwa dawa ya javel mpaka macho yakatuwasha.

Papa Nathanaël, katekista, akaanza sala. Tulikuwa katikati ya Baba Yetu Waseme alipoingia. Alinusa pembe ya kwanza, akanusa ya pili, akaenda taratibu mpaka kwenye ile aliposimama katekista, akachutama, mguu juu kidogo, akatia sahihi kando ya kiatu chake.

Papa Anatole alicheka mpaka akatoka nje. "Hata umbwa anajua haiko nyumba!" tulimsikia akiwaambia wenzake.

Viviane akamshika dada yake mkono. "Yaya, turudi. Umejionea mwenyewe."

Iliniuma, mimi nisiyependa mbwa. Mama Adrienne alichukua kitambaa, akapiga magoti, akafuta. "Papa Nathanaël, tumalizie sala," akasema. Tukamalizia. Watu wakateremka kwenda kula kwa Viviane, lakini yeye alibaki, akasema ameshafika kwake.

Nilimpelekea chai bila kuombwa. Nilimkuta amekaa mlangoni, anamkazia mbwa macho.

"Kwa Viviane alikuwa anakula wapi, huyu?" akaniuliza, kana kwamba mimi nilikuwako. Kisha akajijibu. "Nje, kwa mufereji. Na mimi vile vile, na mbabula yangu. Sababu ya harufu. Kwa Mama Aimée, nje. Fasi zote, nje."

Kule chini, akasema, mvua ikinyesha alikuwa anavuta mbabula ndani ya mlango, na Waseme anakula kwenye kifuniko cha sufuria, miguuni pake.

"Sasa hii ni nyumba gani, Mama? Tumeingiza maji ya baraka, hatukuingiza chakula. Hakuna mwenye amekula humu. Umbwa atajua aje kama hapa njo kwetu?"

Akainuka. Akawasha mbabula, akaiweka ndani ya mlango ule ule wa zamani, akapika bukari, ugali wetu wa huku, na ndagala kwa mawese. Moshi ukajaa, harufu ikashika kuta zote mbichi zile. Akafinyanga matonge madogo, akayachovya mchuzi, akaweka moja katika kila pembe, na pale penye kojo akaweka mawili. Waseme akazunguka akila pembe baada ya pembe. Sisi wawili tukakaa sakafuni tukala kutoka sahani moja.

Sikuamini kwamba itafaa. Kila asubuhi nilipita kwake nikijidai naomba chumvi, kumbe nanusa. Kulinuka ndagala tu.

Mvua za mwaka huo hazikuwa na huruma. Maji yakaingia mtaa wa Viviane. Siku moja ya mvua kubwa nikaona watu wawili wanapanda mlima wanateleza: Viviane na sanduku, na nyuma yake Papa Anatole amebeba kiti chake chekundu kichwani. Nilivuka upesi nikawasaidie, na kusema kweli, nikaone.

Wakakiweka kiti katikati ya chumba, kinachuruzika maji. Waseme akainuka pale alipokuwa amelala. Akakinusa kiti, akakizunguka, akakikojolea.

Mimi nilicheka, siwezi kudanganya. Papa Anatole alitazama viatu vyake. Mama Adrienne alichukua kitambaa akafuta, kisha akavuta mbabula karibu na kuweka sufuria.

"Mukae chini. Mule kwanza."

"Yaya, acha tukale pale barazani," Viviane akasema kwa sauti ndogo. "Tusikusumbue."

"Nje kunanyesha. Nje njo mimi nilikuwa nakula, najua vile kuko. Mutakula humu ndani."

Akawapakulia. Kisha akafinyanga tonge moja, akalichovya mchuzi, akaliweka sakafuni kwenye mguu wa kile kiti chekundu, na Waseme akaja kulila.

"Kesho hatakikojolea tena," akamwambia shemeji yake.

Viviane akanawa mikono, akakaa sakafuni karibu na dada yake, akaanza kula huku analia.