Siku Maji ya Satellite Yalipotoka Mekundu

Nisreen hakupenda kukaa ofisini, na kila mtu kwenye maabara ya maji ya jiji alilijua hilo. Wenzake walipokuwa bado wanakoroga chai ya asubuhi, yeye alishapanga chupa zake kwenye kasha la barafu na kuondoka. Alizaliwa Ngara, hapo hapo jijini, kwa wazazi waliotoka Lamu, na kazi yake ilikuwa kuzunguka visima vya umma upande wa magharibi wa Nairobi akichota maji ya kupimwa. Watu walimzoea mpaka wakambandika jina: Dada Chupa.

Kisima alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha mtaa wa Satellite, kwa ajili ya msimamizi wake, Mzee Jamleck. Mstaafu huyo wa reli, mrefu na mcheshi, alijivunia kisima kile kana kwamba alikizaa. Watu wa mitaa ya jirani walivuka barabara na mitungi yao kuyafuata maji yake, wakiapa kwamba chai yake ina utamu wa peke yake.

Basi mwaka wa 2006, wiki ile ile ambayo Mwihaki, binti wa Mzee, alikuwa akingoja wakwe waje na mahari, majibu ya maabara yakatoka mabaya. Maji ya Satellite yalikuwa na vijidudu vya kinyesi. Nisreen alirudia kipimo, akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea.

Angeweza kupiga simu, lakini aliona habari ya namna hiyo haifai kusemwa kwa simu. Akaenda mwenyewe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Dada Chupa! Umekuja kuonja chapati za wakwe mapema?”

“Nimekuja na habari, mzee wangu, na si nzuri. Maji yameingiliwa na uchafu. Naomba mtu asiyanywe bila kuyachemsha, na kisima tukifunge kwanza.”

Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakatua mitungi yao. Mzee akacheka, kisha akaona kwamba Nisreen hacheki.

“Hii maji nakunywa tangu kisima ichimbwe,” alisema. “Tumbo haijawahi kuniuma. Sasa Jumamosi wageni wanatoka Murang'a, nitawaambia nini? Ati maji yetu ni chafu?”

Nisreen alimhurumia, na hakutaka kubishana naye mbele ya majirani. Akaanza kukizunguka kisima polepole. Kando ya pampu ya mkono, maji yaliyomwagika yalikuwa yamefanya kidimbwi, na ndani yake bata wa Mzee walikuwa wakioga kwa raha zao. Akachutama, akapapasa chini ya kidimbwi. Kidole chake kikaingia kwenye ufa wa saruji.

“Mwihaki, dada yangu,” akaita, “nyumbani mna rangi ya keki?”

Mwihaki alitoka mbio na kichupa cha rangi nyekundu. Bata wakafukuzwa, wakaondoka wakilalamika. Nisreen akaimimina rangi yote kidimbwini, na watu wakaiona ikizama taratibu ufani.

“Sasa piga pampu, mzee.”

Mzee akapiga. Maji yakatoka meupe pe. Akamtupia Nisreen jicho la ushindi.

“Endelea kidogo tu,” Nisreen akamwambia.

Mzee akaendelea, akipiga mluzi. Akina mama wakasogea. Mara maji yakabadilika: kwanza kama yametiwa tone la juisi, kisha yakawa mekundu waziwazi, yakijaza ndoo mbele ya macho ya wote.

Mzee akaachia mkono wa pampu. Akaitazama ndoo, akawatazama bata, akairudia ndoo.

“Ngai! Kumbe miaka hii yote nakunywa supu ya bata, tena mbichi!”

Foleni nzima ikaangua kicheko, na Mzee akacheka kuwashinda wote, mpaka akalazimika kuketi juu ya mtungi wa mtu.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Fundi Wainaina aliitwa kuibomoa saruji iliyopasuka na kuimwaga upya. Akina mama wakatoa masufuria makubwa ya sherehe, wakawasha kuni, wakachemsha maji mchana kutwa. Nisreen alikunja mikono ya buibui, akatia dawa kisimani, kisha akasaidia kubeba kuni. Bata walipelekwa kwa shemeji mmoja wa Mzee kule Limuru.

Jumamosi wageni walikunywa chai wakaongeza. Shangazi mmoja wa bwana harusi aliuliza inapikwaje hata ikawa tamu hivyo. “Inachemshwa sana,” Mzee alimjibu bila kupepesa. Nisreen, aliyekuja Satellite akihofia kuchukiwa, alikuwa ameketishwa katikati ya shangazi zake Mwihaki, akifundishwa wimbo wa Kikuyu na kuukosea kila ubeti.

Kisima kilipimwa tena na tena, hadi siku majibu yalipokuja safi kabisa. Safari hii Nisreen hakungoja, alinyakua simu.

“Mzee, maji yenu ni safi! Fungueni kisima!”

“Ngoja,” Mzee akasema. “Wacha niinue simu juu, wote wasikie. Sasa sema tena, na useme kwa nguvu.”

Nisreen akasimama katikati ya maabara, akapaza sauti. Kutoka Satellite, vigelegele vya akina mama vilijaa kwenye simu, na wenzake wote wakaacha kazi kusikiliza.