Mashine Barazani kwa Bibi

Sisi tuliokulia Lionja wakati ule wa mradi wa Waingereza wa karanga hatukuhitaji simu ili tupate la kutazama. Trekta likipita tulilifuata mpaka vumbi litukabe, kisha tunarudi nyumbani kula mihogo ya kuchoma na kuchapwa. Vijana wa leo eti wanaboeka. Sisi tungeboeka saa ngapi!

Tulikaa kwa bibi mzaa mama, maana kwetu Wamwera mwanamume akioa alimfuata mkewe. Baba alikuwa fundi wa karakana Nachingwea, na mradi ulipokufa akarudi na mashine ya kutobolea chuma, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nzito, nyeusi, inanuka grisi. Haisimami yenyewe, lazima ikazwe kwa boliti kwenye nguzo. Mama akamwambia aiweke uani, achimbie gogo lake, kule hata chuma kirefu kingepata nafasi kushoto na kulia. Baba akasema uani hakuna mwanga. Mwanga! Alitaka wapita njia waione. Akaikaza kwenye nguzo ya barazani, na sisi watoto tukawa tunagombania kuzungusha mkono wake, chenga za chuma zikitumwagikia miguuni. Raha tupu.

Kisha wakaja washenga kutoka Ruangwa kumposa dada yangu Zuhura. Dada alimpenda sana yule kijana, hata chakula kilimshinda tangu asubuhi. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa na kauli, akaketi nao mkekani. Wali ukaletwa. Baba, badala ya kutulia, akataka wageni waione mashine ikifanya kazi. Akaweka bamba la chuma, akazungusha. Nguzo ikatikisika. Udongo na nyasi za paa vikamwagika kwenye wali na juu ya kanzu nyeupe za watu.

Mjomba hakupandisha sauti. "Shemeji, nguzo hii umeisimamisha wewe?"

Baba akasema hapana.

"Basi iondoe hiyo mashine. Umekaa kwetu vizuri miaka yote."

Baba akachukua spana, akafungua boliti moja moja mbele ya washenga, mbele ya mama mkwe ambaye kwa heshima hakuwahi hata kumtazama usoni. Hakuna aliyeinuka kumsaidia, kwani kumsaidia kulikuwa kumpinga mjomba. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikatamani ardhi inimeze. Posa ilikubaliwa na dada akaolewa, lakini siku ile nilijua kwamba baba yangu ni mgeni katika nyumba niliyoiita kwetu. Kwa muda mrefu nilishindwa kumtazama machoni, na yeye hakunitazama.

Nikiwasimulia wajukuu wanacheka, wananiuliza kwa nini baba hakumjibu mjomba. Wao hukaza mashine zao za umeme popote, hata sebuleni, na wakwe wakinung'unika wanaongeza sauti ya muziki. Nawaambia hawana haya hata chembe. Lakini moyoni natamani sana baba angezaliwa zama zao.