Karambu na Maswali Yake kwa Wenye Kazi

Karambu binti Muthamia alikuwa ameacha kazi mbili kabla hajatimiza miaka thelathini, na kwao Kibirichia watu walikuwa wakisema kwamba msichana huyo hakai mahali kiti kikapata joto.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kumweleza mama yake, Kiende. Karambu aliandika vile vijitabu vinavyokuja ndani ya katoni ya mashine, vya kumwambia mnunuzi afunge nini wapi na asiguse nini.

"Kwa hivyo mtu akinunua jembe, wewe unamwandikia namna ya kulima?" Kiende alimuuliza siku moja. Karambu alicheka, ingawa swali lilimchoma kidogo.

Kwenye kazi ya kwanza, mjini Meru, alipewa picha za mashine ya kunyunyizia dawa, akaambiwa aandike. Mashine yenyewe hakuwahi kuishika. Ya pili ilikuwa kuandika maelekezo ya programu ya simu ya wafugaji wa maziwa. Huko mafundi walihamisha vitufe bila kumwambia, na wafugaji wa Githongo wakawa wanapiga simu kutafuta kitufe ambacho hakipo tena. Matusi yote yalimwangukia yeye. Asubuhi moja akafungasha vitu vyake, akarudi nyumbani kupanda viazi.

Hakutulia huko pia. Alipanda mstari, akasimama, akatoa simu mfukoni, akairudisha. Ndipo Muriithi, rafiki aliyesoma naye chuoni Nchiru, alipomtumia tangazo: kampuni moja ya Embu inayouza pampu za maji za sola ilikuwa ikitafuta mwandishi.

"Lakini usiwachoshe na maswali," Muriithi alimwonya. "Wakikuuliza kama una la kuuliza, sema hapana, asante."

"Nilisema hapana mara mbili," Karambu akajibu. "Umeona ilivyonifikisha."

Siku ya mahojiano alifika Embu mapema mno. Alizunguka stendi, akapanda hadi sokoni, akashuka tena, viatu vikimbana. Alipoitwa, alikuta watu wawili mezani: Bwana Ireri, mkurugenzi, na Njoki, mama wa makamo aliyekuwa fundi mkuu, mikono yake bado ina grisi. Waliuliza yao, naye akajibu. Mwishowe Ireri akafunga kalamu.

"Una swali lolote?"

"Ndiyo. Aliyekuwa akiifanya kazi hii alienda wapi?"

Ireri alikohoa. "Alipata kwingine."

"Alichoka," Njoki akasema. "Tulikuwa tunamwonyesha pampu ikiwa tayari imeshauzwa."

Karambu aliendelea. "Mimi nitaishika kabla ya kuandika? Na nikimaliza, kuna mkulima atakayejaribu kuifunga kwa kusoma maneno yangu, bila fundi kumsaidia?"

"Dada, wakulima wetu hawasomi," Ireri alisema. "Kitabu kinatakiwa kiwe kwenye katoni, basi."

"Na mafundi wakibadilisha kitu, mwandishi huambiwa lini?"

"Huambiwa."

"Tukikumbuka," Njoki akaongeza, na Ireri akamtazama kwa jicho kali.

Karambu alitoka akijua amejiharibia. Alirudi Kibirichia, na kwa wiki nzima alijilaumu shambani, mara akijiita mjinga, mara akijiambia angerudi angeuliza yale yale. Kisha Njoki akapiga simu.

"Mkurugenzi anasema unauliza sana. Mimi nimemwambia ndiyo maana tukuchukue. Sasa sikiliza, sitakudanganya. Kubadilika kwake siwezi kukuahidi. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba karakana yangu haitafungwa kwako, na mkulima wa kujaribia nitakutafutia."

Halikuwa jibu alilolitaka, lakini lilikuwa jibu la kweli la kwanza kupewa na mwenye kazi yeyote.

"Nakuja, mama," akasema.

Alifungua na kufunga ile pampu mpaka vidole vikaota sugu, ndipo akaandika. Vijitabu vilipochapishwa, Njoki alimpeleka kwa Mzee Mbaka, mfugaji wa mbuzi na mkulima wa ndengu huko Mbeere, ambako maji ni ya kutafutwa. Walimletea pampu moja kutoka shehena mpya, katoni haijafunguliwa, wakakaa kando. Mbaka alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alifunga bomba. Alifunga kamba. Kisha akakwama.

"Mwanangu, umeandika niunganishe waya mwekundu," alisema. "Mwekundu uko wapi?"

Karambu aliruka kutoka kwenye kigoda. Nyaya zote mbili zilikuwa nyeusi. Mmoja ulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Kiwanda cha kule pampu zinakotoka kilikuwa kimebadilisha rangi, na hakuna aliyemwambia mtu.

"Akikosea kuziunganisha?" akamuuliza Njoki.

"Inaungua," Njoki alisema, tayari anatafuta mtandao kwenye simu.

Kule Embu, lori lilikuwa likipakiwa pampu hizo hizo mchana huo. Njoki alipompigia, Ireri alifoka. Wateja wanangoja, alisema, mvua ni chache, na nani atalipia lori lililosimama? Njoki alimpa Karambu simu.

"Bwana Ireri," Karambu alisema, "mzee huyu amesoma kila neno na bado angeichoma. Kosa si lake. Lori likiondoka, nitaandika barua ya kuacha kazi leo."

Ireri akamwita dereva, akamwambia asiondoke.

Siku iliyofuata mafundi walifungua katoni zote na kuzungushia tepu nyekundu waya wenye mstari. Ireri hakumsalimia Karambu karibu mwezi mzima. Lakini kila Jumatatu, kabla ya chai, Njoki alimwita karakanani kumwonyesha kilichobadilika, na siku ambazo hakumwita, Karambu alienda mwenyewe.

Nayo pampu ya Mzee Mbaka iliwaka siku ile ile ya majaribio, kabla jua halijashuka, Njoki alipomwonyesha waya uliochukua nafasi ya mwekundu. Maji yalitoka kwanza ya matope, kisha safi, na mbuzi wakaanza kusukumana kwenye birika la kunywea.