Maua kwenye Pembe za Mzee

Juzi basi letu lilisimama Igunga baada ya mvua. Harufu ya tope jeusi la mbuga ikaingia dirishani, nikalifunga.

Tope kama hilo baba mdogo alilipima kwa fimbo mchana mmoja wa mbio za maksai kule Choma, nilipokuwa mtoto. Fimbo ilizama, ikatoka kwa mlio wa kunyonya. Akamgeukia mke wake.

"Mrudishe Radi nyumbani. Leo atakimbia Mzee."

Radi ndiye aliyekuwa akishinda kila mara. Mzee alikuwa maksai wetu wa kulimia, magoti yamevimba. Nilidhani anapewa heshima yake, nikamfunga maua kwenye pembe.

"Baba mdogo, atashinda?"

"Atafika atakapofika."

Karibu na kona alikaa mchinjaji, kisu mapajani. Nilimpa shikamoo nikidhani amekuja kutazama. Sasa najua yeye na baba mdogo walikuwa wamepatana bei ya nyama tangu fimbo ilipozama. Mguu wa Mzee ulinasa kwenye tope, ukavunjika palepale mbele yake.

Jioni baba mdogo, vidole vikimeremeta mafuta, aliniwekea kipande cha ulimi.

"Kula, mwanangu. Si wewe uliyempamba?"