Waruguru na Cherehani ya Kanisa

Waruguru wa Muturi hajui kushona, na hilo halina ubishi. Aliwahi kushona foronya ikatoka na pembe tano. Alifundishwa kazi hiyo miezi saba mizima, katika nyumba ya kanisa iliyo Baba Dogo nyuma ya kiwanda cha sabuni, na kila Ijumaa mwalimu wake alirudi kwake ameshika kichwa.

Nyumba yenyewe watu huiita kwa Mama Sydney, kwa sababu ndiye aliyeianzisha na ndiye anayeisimamia. Ni ya wanawake walioahidiwa kazi wakaishia utumwani. Waruguru alidanganywa na wakala mmoja wa mjini, mwenye tai na maneno matamu, kwamba anaenda kufanya kazi ya hoteli ng'ambo. Alipofika huko akanyang'anywa pasipoti na simu, akafungiwa katika nyumba ya ghorofa tatu, afanye kazi ya watu watano bila mshahara. Alikaa humo miaka miwili na nusu. Mara ya kwanza alipokataa kufanya jambo, alipigwa. Mara ya pili alinyimwa chakula siku mbili. Hakujaribu mara ya tatu. Aliporudi Nairobi alikuwa mtu wa kusema ndiyo tu. Ukimuuliza kama anataka chai au uji, alisema ndiyo.

Mama Sydney alimpokea vizuri, na hapo tumpe haki yake. Alimtafutia daktari, akamtafutia mshauri, akaagiza kufuli zote za vyumbani zing'olewe kwa sababu Waruguru hakuweza kupata usingizi akiziona. Ila mama huyu ana moyo mkubwa na masikio madogo. Mwanamke wa kwanza kupita mikononi mwake, Teresiah, alipewa cherehani akafanikiwa, na leo ana duka la sare za shule kule Tena. Tangu hapo Mama Sydney alikata shauri kwamba dawa ni cherehani. Wote waliofuata, kumi na mmoja, walipewa cherehani, wawe na mikono ya kushona au wasiwe nayo.

Mikono ya Waruguru ilikuwa ya kazi nyingine. Marehemu baba yake aliuza supu ya kichwa cha mbuzi kwa wafanyakazi wa viwanda vya pale pale Baba Dogo, naye alikua akibabua vichwa kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Basi kila Jumatano, siku yake ya kutoka, alikwenda soko la mbuzi la Kiamaiko, kwa Bilan, mama anayeuza vichwa na miguu. Mwanzoni alikwenda kununua. Siku moja akaomba shoka, akapasua kichwa kwa pigo moja, katikati kabisa, na Bilan akasahau mteja aliyekuwa akizungumza naye.

Wakawa marafiki. Bilan alimwambia kando ya kibanda chake kuna nafasi ya meza moja, na wachinjaji wote wa hapo wanakosa supu ya maana asubuhi. Kama anaitaka, aje na sufuria kubwa Jumatatu, maana kuna muuza chipsi anayeimezea mate nafasi hiyo. Waruguru alisema ndiyo, na kwa mara ya kwanza tangu arudi ndiyo hiyo ilimtoka rohoni.

Tatizo lilikuwa kwamba Jumapili, siku moja tu kabla, alikuwa akabidhiwe cherehani yake. Na cherehani hiyo huja na kiti katika karakana ya kanisa, kuanzia Jumatatu saa mbili. Hawezi kuwa na vyote viwili. Ilibidi amwambie Mama Sydney hapana, na neno hilo hakulitamka tena tangu ng'ambo. Alijaribu mara nne. Mara ya nne alifika hadi mlangoni mwa ofisi, akaulizwa ana shida gani, akajikuta anauliza kama kuna vyombo vya kuosha.

Alidhani majoho ya kwaya yangemwokoa. Aliyashona kumi na mawili, na kila mwanakwaya alimpima akiwa amesimama wima, mikono imelala ubavuni. Katika ibada ya Ijumaa jioni, wakati wa sifa, kiongozi akasema tuinue mikono, nayo majoho yakaanza kupasuka makwapani, kuanzia sauti ya kwanza hadi ya nne. Roseline, mwenye sauti ya tatu, alimsifu Bwana kwa mkono mmoja hadi mwisho wa ibada. Waruguru alingoja afukuzwe karakana. Mama Sydney akamkumbatia, akasema atajifunza tu. Wema namna hiyo ni mgumu kuukimbia.

Jumapili ikafika. Kwa Mama Sydney kuna desturi: cherehani huwekwa mbele ya ukumbi imefunikwa leso, mwenyewe huifunua kwa vigelegele, huketi, kisha hushona mstari mmoja mbele ya wageni. Waruguru aliifunua. Aliketi. Alitia kitambaa chini ya sindano, akaweka mguu kwenye kikanyagio, na mguu ukakataa kwenda. Vigelegele vikapungua, vikaisha.

"Mama," akasema, "nashukuru sana. Lakini sitaki."

Mama Sydney alisogea, akidhani hakusikia vizuri. Waruguru alipomwona anakuja, mabega yalimpanda hadi masikioni na macho akayafumba, akingoja kofi. Ukumbi mzima uliona. Mama Sydney naye aliona, akasimama pale pale. Alikuwa ameumia, tusidanganyane, kwa sababu cherehani hiyo aliichagua mwenyewe sokoni Gikomba. Lakini yale mabega yalimuumiza zaidi. Akavuta kigoda, akaketi chini ya usawa wa macho ya yule dada, akangoja hadi Waruguru alipofumbua macho.

"Basi wewe unataka nini, mwanangu?"

Ng'ambo aliulizwa chai iko wapi, mbona amechelewa, mbona analia. Hapa nyumbani aliulizwa anaendeleaje. Hili hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote, na machozi yalimtoka kabla ya jibu.

"Sufuria," akasema. "Kubwa. Nataka kuuza supu ya kichwa Kiamaiko, kesho."

Sufuria kubwa ya kanisa ilikuwa moja tu, nayo wakati huo ilikuwa jikoni imejaa pilau ya wageni. Mama Sydney alijifuta uso kwa ile leso, akasimama, akawageukia watu.

"Kuleni haraka," akasema. "Hiyo sufuria ina mwenyewe."

Jumatatu wachinjaji wa Kiamaiko walikunywa supu hadi mfupa wa mwisho. Wiki hiyo hiyo Mama Sydney aliwazungukia wale kumi na mmoja, na Teresiah pia, akiwauliza swali lile lile. Wanane walisema cherehani inawatosha. Teresiah, yule wa duka la sare, alisema angependa kujifunza kuendesha lori.

Alhamisi Mama Sydney alifika Kiamaiko mwenyewe, akanywa bakuli mbili, akasifu. Kisha, kwa vile ndivyo alivyo, akaanza kueleza kwamba meza ingekaa vizuri zaidi upande ule mwingine, karibu na barabara.

"Hapana, Mama," Waruguru akasema, bila hata kuacha kukoroga. "Hapa pananifaa."