Kidole Nilichokataa Kukiuma

Nikiwa mtoto wa kutumwa maji kule Nyanga, Bukoba, ilikuwa mwiko kuinyooshea nyota kidole ikiwa mtu wa nyumbani yuko safarini. Msafiri angepotea. Ukijisahau, ulitakiwa ukiume kidole hicho papo hapo, mbele ya watu, hadi meno yaache alama. Na sisi tulikuwa na msafiri: Tata, baba yangu, alikuwa kisiwani Goziba akivua samaki.

Waingereza walikuwa bado wanatutawala. Siku moja mwalimu alituambia kuwa kuna Wazungu wamerusha chombo kinachozunguka dunia, kiko juu kama mwendo wa Bukoba hadi Tabora. Nikaguna kwa umbali huo. Mwalimu akacheka.

"Ukilinganisha na nyota, hapo ni uani tu. Zipo ambazo mwanga wake ulianza safari kabla bibi zenu hawajazaliwa."

Nilirudi nyumbani nikikimbia kwa furaha.

Jioni moja tukimenya ndizi uani, nikakiona. Kinukta cheupe kilipita juu ya migomba bila kupepesa. Niliruka na kukinyooshea kidole.

"Bibi, kile pale!"

Bibi, mama yake Tata, aliangusha kisu. "Mawe, mama yangu! Uma kidole! Baba yako yuko ziwani!"

"Si nyota, Bibi. Ni chombo cha watu."

"Kiko juu na kinang'aa. Uma!"

Nilikataa.

Kisha upepo ukachafuka, na mitumbwi ya Goziba ikarudi bila wa Tata. Bibi akaninyang'anya kisu, akanikataza kugusa chakula. Majirani walikuja kukaa na mama, macho yao yote mkononi mwangu. Hata mama akaninong'oneza, "Mwana wange, si ukiume tu yaishe?"

Hapo nusura nishindwe. Nilikwenda migombani peke yangu, nikakitia kidole kinywani, nikalia. Niliogopa sana. Lakini kukiuma kungekuwa kusema kwamba Tata amekufa na mimi ndiye niliyemuua. Nikakitoa.

Tata alirudi amekonda. Mtumbwi ulikuwa umepasuka, yeye na wenzake wakazishona upya mbao zake kwa kamba hukohuko kisiwani. Hata hajaketi, akauliza, "Mlikiona kile cheupe kilichopita angani? Mimi nilikinyooshea kidole mpaka mkono ukachoka!"

Mama alicheka huku akilia.

"Ndiyo maana umechelewa," alisema Bibi, akanirudishia kisu nimenye ndizi.

Simlaumu. Alimpenda mwanawe, na hakuwa na kingine cha kushika. Siku hizi redio hutangaza kuwa wataalamu wamegundua sayari nyingine zinazozunguka nyota za mbali mno. Nikisikia hivyo hutoka nje na kunyoosha kidole, ingawa sizioni, na wajukuu wangu wananicheka. Nawaacha wacheke. Kidole chenyewe ni hiki hapa, kimezeeka, na hakina alama ya jino hata moja.